Tela la kwanza la familia: lipi linafaa barabara za Arusha na Moshi

Wengi wanaotaka tela la kulala la familia huanzia kwenye picha: jiko linalochomoka ubavuni, kitanda chenye mashuka meupe, watoto wanachungulia dirishani. Wananunua, halafu ndipo wanauliza kama gari la nyumbani litaliweza. Hapa tunakwenda kinyume. Gari ulilonalo linaamua uzito, uzito unaamua aina ya tela, na barabara unazopita zinaamua kama tela hilo litakuwa zima baada ya miaka 2. Jiko na mashuka yanakaa mwisho wa foleni.

Tunazungumzia tela dogo: ekseli moja, urefu wa mita 3 hadi 4.5 pamoja na mkono wake wa kuvutia, linalolaza watu 3 hadi 5, na lisilozidi kilo 1,000 likiwa limejaa.

Hatua ya 1: Jua gari lako linaruhusiwa kuvuta kiasi gani

Tafuta namba 3 za gari lako: uzito wake likiwa tupu, uzito wa juu wa tela lisilo na breki, na uzito wa juu wa tela lenye breki zake. Kwa kawaida zimo kwenye kitabu cha gari. Shida ni kwamba magari mengi ya hapa yameingia kutoka Japani yakiwa yameshatumika, kitabu kama kipo ni cha Kijapani, na baadhi yake, hasa Noah na vigari vya aina ya IST, huko yalikotoka hayakukusudiwa kuvuta kitu. Ukimpelekea fundi atalipiga bodi kofi moja: "Hii inavuta tu, bosi, Toyota hii." Kuvuta litavuta. Swali ni litasimamaje ukiteremka kutoka Karatu kuja Mto wa Mbu huku kilo 800 zinalisukuma kwa nyuma, na mafuta ya gearbox yatakuwa na joto gani siku ya kupanda.

Kama namba zimekosekana, tafuta za gari hilohilo, lenye injini ileile, lililouzwa Ulaya, Afrika Kusini au Australia. RAV4 ya petroli kwa kawaida hupewa kama kilo 1,500 kwa tela lenye breki; Prado ya dizeli kilo 2,500 hadi 3,000 kutegemea soko. Kwa tela lisilo na breki, magari mengi hukomea kilo 750 hata yawe makubwa. Hizo ni namba za kiwanda, kwa gari jipya. Dereva anayeanza, mwenye gari lenye umri, abaki kwenye nusu ya uzito wa gari lenyewe: gari la kilo 1,500 kwa tela la 750 lililojaa, gari la 2,200 kwa tela la 1,100. Uingereza wanaoanza hushauriwa wasizidi asilimia 85, lakini wenzetu hawana matuta kila kijiji wala malori yaliyokufa kwenye kona ya mlima.

Kuna na suala la mwinuko. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Arusha mjini uko kwenye mita 1,400 hivi. Ukingo wa Ngorongoro umeshapita 2,300, maana yake karibu robo ya nguvu haipo. Injini ya 2.0 inayokwenda vizuri Tanga itahema hapo hata bila tela. Gearbox ya CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na gia za kawaida, usiifanyie majaribio ya mizigo mizito. Otomatiki ya kawaida ifungie kipozeo cha ziada cha mafuta ya gearbox kama safari zako nyingi ni za milimani.

Chuma cha kuvutia kinafungwa kwa bolti kwenye chasisi, pande zote mbili. RAV4 na wenzake hawana chasisi ya kujitegemea kama Prado au Hilux, kwa hiyo chuma kishike kwenye mihimili ya chini ya bodi, na bolti ziwe na mabamba ya kusambaza nguvu, si washa tupu kwenye bati. Kilichochomelewa kwenye bampa kikatae hata kama ni cha bure. Kile kichwa cha duara kinachopokea tela ni cha milimita 50 kwa matela ya Ulaya na Afrika Kusini. Cha Marekani ni inchi 2, yaani milimita 50.8, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuleta fujo: kikombe cha tela, kile kinachofunika kichwa hicho, kikiwa cha inchi 2 kwenye kichwa cha 50 kinacheza na kugonga kwenye kila tuta, na siku kikichakaa kinaruka. Kichwa na kikombe viwe vya kipimo kimoja.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mzigo kabla ya kwenda kuona tela lolote

Kosa la kawaida ni kusoma uzito wa tela likiwa tupu na kuona linafaa. Chukua mfano wa familia ya watu 4, siku 3, sehemu kama Natron ambako hutegemei kukuta kila kitu dukani:

Maji lita 80: kilo 80
Hema la juu na godoro lake: 65
Friji ya lita 40 na chakula: 40
Nguo na mablanketi: 35
Meza, viti 4, turubai la kivuli: 30
Betri ya asidi ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri): 28
Tairi la akiba na rimu: 25
Vyombo, spana, jeki, kamba: 20
Mtungi wa gesi wa kilo 6 uliojaa: 13

Jumla ni kilo 336. Tela la sanduku la kawaida, imara, likiwa tupu lina kilo 420 hivi. Umefika 756. Tela lako halina breki na kikomo ni 750, umeshapita, na hapo bado hamjasimama Mto wa Mbu kununua ndizi nyekundu.

Punguza sasa, ukiwa kwenye karatasi. Nusu ya maji ihamie kwenye madumu ndani ya gari: umeokoa 40. Betri ya lithiamu ya ukubwa uleule ina kilo 12 hivi: umeokoa 16. Sasa ni 700. Kama hesabu inagoma kushuka, unahitaji tela lenye breki. Usijidanganye kwamba kilo 100 za ziada hazitaonekana. Tairi na beringi zitaziona kabla yako.

Ukikagua tela la nje, tafuta kibao. La Afrika Kusini lina herufi T kwa uzito mtupu na GVM au BVM kwa uzito wa juu likiwa limejaa. La Uingereza lina MTPLM. La Marekani lina GVWR, mara nyingi kwa pauni, gawanya kwa 2.2 upate kilo. Toa uzito mtupu kwenye uzito wa juu: kinachobaki ndicho mzigo wako. Kikiwa chini ya kilo 300, familia ya watu 4 haitoshi humo kwa safari ya porini. Muuzaji akikosa kibao na karatasi, sharti la kuendelea na mazungumzo liwe kupima. Wanunuzi wakubwa wa mazao na wa vyuma chakavu wana mizani ya magari, na kupima ni kazi ya dakika 10.

Hatua ya 3: Chagua aina kwa barabara, si kwa sura

Karavani nyeupe ya Ulaya ndiyo inayowavutia wengi, na ndiyo ya kuogopa zaidi. Kuta zake ni bati jembamba la alumini juu ya fremu ya mbao na povu, zimeundwa kwa lami laini. Ipeleke njia ya Engaruka, yenye vumbi na mawimbi ya kutikisa meno: skrubu za makabati zinaanza kulegea, viungo vya pembeni vinafunguka, vumbi linafyonzwa na kujaa hadi kwenye mito. Masika ikija, maji yanaingia kwenye nyufa hizohizo na mbao inaoza kimyakimya nyuma ya bati safi. Kama safari zako ni lami tupu, Moshi hadi Same, Mombo, Tanga, inaweza kukufaa. Vinginevyo iache ilipo.

Tela la umbo la tone, lenye kitanda ndani na jiko nyuma, ni zuri kwa watu 2. Kwa familia linataka hema la pembeni, na hapo faida yake kubwa, yaani kufika na kulala, inakuwa imeondoka.

Tela la turubai la kukunjua lina nafasi kubwa kwa uzito mdogo. Bei yake ni kazi: dakika 20 hadi 30 kulisimamisha, na likikunjwa na unyevu lazima likunjuliwe nyumbani likauke ndani ya siku 1 au 2, la sivyo linaota ukungu ambao hautoki. Fikiria una uwanja wa kulianika Juni, Moshi ikiwa na mawingu mfululizo.

Linalowafaa wengi wa huku ni la nne: sanduku la chuma lenye milango ya pembeni, na hema la kukunjua juu yake. Mzigo uko chini, watu wako juu. Kila kipande chake kinatengenezeka hapahapa, kwa sababu Arusha imejaa karakana zinazorefusha na kubadilisha Land Cruiser za utalii. Mafundi wa chasisi, springi na turubai wapo, na wamezoea gari linaloteswa. Unaweza hata kuagiza litengenezwe. Ukiagiza, sisitiza haya:

Mihimili ya mkono wa kuvutia ipite chini ya sanduku hadi kwenye vishikio vya mbele vya springi. Mkono uliokatwa na kuchomelewa kwenye uso wa mbele wa sanduku ndio unaovunjika. Epuka pia mshono wa kukatiza upande wa chini wa muhimili, maana ndipo ufa unapoanzia.

Kutoka kichwa hadi uso wa sanduku iwe mita 1.2 au zaidi. Mkono mfupi unafanya tela ligeuke ghafla ukirudi nyuma, na kona ya sanduku inakula bampa.

Ekseli ikae nyuma kidogo ya katikati, ili karibu asilimia 60 ya mzigo iwe mbele yake.

Vumbi lizuiwe kwa mpira kuzunguka milango yote, na komeo zivute mlango uubane mpira. Mlango unaofungwa kwa kitasa tu utapitisha unga wa vumbi hadi kwenye sukari.

Kuhusu kulala, tembea na futi kamba. Godoro la upana wa mita 1.4 linabeba wakubwa 2 na mtoto mmoja mdogo, si zaidi, hata kama tangazo linasema watu 4. Watoto wakubwa walale kwenye chumba cha turubai kinachoning'inia chini ya hema. Mdogo wa chini ya miaka 6 akae juu na wazazi, upande wa mbali na ngazi. Hifadhini zipu zote zifungwe na chakula kilale ndani ya gari. Tela la namna hii lina kazi nyingine Desemba, watu wakipanda kuhesabiwa na nyumba ya kihambani ikajaa hadi sebuleni: linakuwa chumba cha ziada. Ila pima kwanza njia ya migomba na geti la babu, maana nyingi hazizidi mita 2.5 na hakuna pa kugeuzia.

Hatua ya 4: Angalia chini, huko ndiko pesa inakolala

Springi. Zile za majani, kama za pikapu, fundi yeyote kuanzia Unga Limited hadi Himo anaweza kubadilisha jani moja lililovunjika. Ekseli ya mpira, ambayo mkono wake unazunguka ndani ya bomba lenye mpira, ni laini na haina kelele, ila mpira ukichoka ekseli nzima inabadilishwa, na utaisubiri kutoka nje. Chagua majani, ongeza shokapu. Bila shokapu tela jepesi linarukaruka kwenye barabara ya vumbi na kuvunja vilivyomo.

Magurudumu. Rimu ya tela iwe sawa na ya gari, ili tairi moja la akiba lifae kote. Hilux na Prado zina bolti 6 kwenye duara la milimita 139.7. Land Cruiser 70 za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 zina 5 kwenye 150. RAV4 na Noah zina 5 kwenye 114.3. Hakikisha pia tundu la katikati linaingia kwenye habu. Habu ya tela inaweza kubadilishwa, na hilo ulimwambie fundi kabla hajaanza.

Upana kati ya tairi na tairi uwe sawa na wa gari. Tela jembamba kuliko gari halifuati alama za gari, linachimba njia zake lenyewe. Kwenye mchanga wa Natron au udongo mweusi wa Simanjiro wakati wa mvua, hilo ndilo linalokugeuza kuwa mtu wa kusukuma.

Tairi. Soma tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la tela huzeeka kwa kukaa, si kwa kutembea. Likizidi miaka 6 au 7, au likiwa na nyufa za ukutani, lihesabu kama halipo na ulitoe kwenye bei. Soma na namba ya uwezo: 94 ni kilo 670 kwa tairi moja, 100 ni kilo 800, 112 ni kilo 1,120.

Beringi ndizo zinazowaacha watu njiani. Joto la mwendo linaitanua hewa ndani ya habu. Ukizamisha habu hiyo kwenye maji baridi ya korongo, hewa inasinyaa na kufyonza maji kupitia sili. Grisi inageuka rangi ya maziwa, kutu inaanza, na kilomita 300 baadaye gurudumu linalia. Zifungue na kupaka grisi mpya kila mwaka au kila kilomita 10,000, na kila baada ya safari iliyovuka maji ya kina. Beba seti kamili ya upande mmoja: beringi ya ndani na ya nje, sili, pini na kopo la grisi.

Breki. Juu ya kilo 750, tela liwe na breki zake. Za kawaida kwa matela madogo hufanya kazi kwa kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma, kikombe cha tela kinarudi nyuma na kuvuta fimbo ya breki za magurudumu. Ni rahisi na hazihitaji umeme. Kinachoharibika ni mpira na grisi ya sehemu inayoteleza; vumbi likijaa, breki zinashika kwa kushtuka au hazishiki kabisa. Iwe pia na breki ya mkono, na waya mwembamba wa kuivuta yenyewe tela likichomoka.

Hatua ya 5: Kukagua tela lililotumika

Nenda mchana, kavu, na ovaroli. Fuata mpangilio huu, maana vitu vya mwanzo ndivyo vinavyoweza kukurudisha nyumbani mapema.

1. Lala chini. Angalia mahali mkono unapokutana na sanduku, vishikio vya springi, na kingo za kila mshono. Ufa wa chuma huonekana kama mstari wa kutu mwekundu kwenye rangi. Bamba jipya lililochomelewa juu ya la zamani, uliza lilifunika nini.

2. Inua gurudumu moja kwa jeki. Lishike juu na chini, lisukume na kulivuta. Mchezo mdogo sana ni wa kawaida. Kugonga si kawaida. Lizungushe: sauti ya mchanga ni beringi. Rudia upande wa pili.

3. Simama mbali, nyuma yake. Magurudumu yaliyolala kwa ndani upande wa juu, kama miguu ya herufi A, ni ekseli iliyopinda kwa mzigo.

4. Funga kwenye gari, washa taa zote. Soketi ya pini 7 ya Ulaya na Afrika Kusini ina mpangilio huu: 1 njano ni indiketa ya kushoto, 2 bluu taa ya ukungu, 3 nyeupe ni athi, 4 kijani indiketa ya kulia, 5 kahawia taa ndogo ya kulia, 6 nyekundu breki, 7 nyeusi taa ndogo ya kushoto. Taa zikififia au zikiwaka kwa pamoja ukipiga indiketa, karibu kila mara ni athi mbovu. Ni kazi ndogo, lakini ipunguze kwenye bei.

5. Kama lina kuta ngumu, bonyeza kwa kidole gumba kuzunguka madirisha, kona za chini na sakafu karibu na mlango. Palipo laini ni mbao iliyooza. Harufu ya unyevu iliyofunikwa kwa manukato ni jibu tosha.

6. Fungua hema lote, hata muuzaji akisema "liko poa tu". Fungua na kufunga kila zipu mara 2. Ingia ndani, funga, tafuta matundu ya mwanga kwenye mishono ya paa. Neti iwe nzima. Mto wa Mbu haukuitwa hivyo kwa bahati mbaya.

7. Tazama mlango uko upande gani. Uingereza na Afrika Kusini wanaendesha kushoto kama sisi, milango iko kushoto. Matela ya bara la Ulaya na Marekani yana mlango kulia, kwa hiyo ukisimama pembeni ya barabara watoto wanashukia kwenye malori.

Hatua ya 6: Umeme, gesi, maji

Hapa tusikae sana, vyote vinaweza kuongezwa baadaye. Friji ya kompresa ya lita 40 hula kama Ah 30 hadi 40 kwa siku. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo Ah 100 inakupa siku moja na kidogo. Sola ya wati 100 kwenye jua zuri inarudisha kama Ah 29, na chini ya hapo sana asubuhi za Julai zenye mawingu ya Meru. Ukichaji kutoka kwenye gari, tatizo ni waya. Waya wa 2.5 mm² wenye umbali wa mita 6, kwenda na kurudi 12, ukipitisha ampea 10 unapoteza karibu volti 0.8, na betri haitajaa hata uendeshe hadi Dodoma. Tumia 16 mm², na fyuzi karibu na betri zote mbili.

Gesi ni nzito kuliko hewa. Sehemu ya mtungi iwe na matundu chini, yasiyoingiza hewa chumba cha kulala. Mpira wa gesi wenye nyufa ubadilishwe siku unayonunua tela. Na baridi ya usiku wa ukingo wa Ngorongoro isikushawishi kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema ama karavani, hata likiwa limebaki majivu tu. Hewa yake inaua watu wakiwa usingizini. Ongeza mablanketi.

Tenki la maji likae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, liwe na kuta za ndani za kuzuia maji kucheza.

Hatua ya 7: Karatasi

Tela husajiliwa TRA na kupata namba yake, haliazimi namba ya gari. Namba ya chasisi iwe imegongwa kwenye chuma na ifanane na kadi, herufi kwa herufi. La kuagiza kutoka nje, pata hesabu yote ya ushuru, VAT ya asilimia 18, bandari na usafirishaji hadi Arusha kabla ya kulipa chochote. La kutengenezwa hapa, kubalianeni na karakana kwa maandishi nani anashughulikia ukaguzi na usajili. Mwambie wakala wa bima kwamba utavuta tela na akupe jibu la maandishi. Thibitisha pia kwamba daraja la leseni yako linakuruhusu. Pembetatu za tahadhari, kizima moto na reflekta za nyuma viwemo siku ya kwanza.

Hatua ya 8: Kulipakia na kulitoa

Vizito chini, karibu na ekseli, kidogo kuelekea mbele. Kisha pima uzito unaoangukia kwenye kichwa: weka tela kwenye ardhi tambarare, simamisha kipande cha mbao kati ya kikombe na mizani ya kupimia watu, kwa kimo kilekile ambacho kingekuwa kwenye gari. Kwa tela la kilo 700, kilo 50 hadi 70 ni sawa, mradi usizidi kikomo kilichoandikwa kwenye chuma cha kuvutia. Uzito huo unahesabika kama mzigo wa gari. Ukiwa mdogo mno, yaani umejaza nyuma, tela litaanza kutikisa mkia ukifika 80.

Likianza kutikisika: ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, acha mwendo ushuke wenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu, na usijaribu kulinyoosha kwa kuongeza mwendo. Ukishasimama, hamisha mzigo mbele na pima upepo wa tairi kabla ya kuendelea.

Ukifunga, minyororo 2 ya usalama ipite kwa kukatizana chini ya mkono, iwe na ulegevu wa kona tu, isiburuze lami. Nyanyua gurudumu dogo la mbele na kulifunga. Inua mkono kwa nguvu baada ya komeo kujifunga. Gari likinyanyuka kidogo nyuma, kimeshika.

Kurudi nyuma jifunze uwanjani, Jumapili asubuhi, na makopo 4 ya rangi badala ya kuta. Weka mkono chini ya usukani: unakopeleka mkono ndiko tela linakokwenda. Tela fupi linajibu haraka, kwa hiyo sogeza kidogo, ngoja, rekebisha. Likishajikunja, acha kupambana nalo, nenda mbele linyooke na uanze upya.

Njiani, 80 iwe kikomo chako kwenye lami. Kati ya Usa River na Boma Ng'ombe vibao vya 50 ni vingi na askari wa tochi hawakosi. Kwenye mteremko shika gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Harufu ya breki ikishafika ndani ya gari umechelewa. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto, inayopanda karibu mita 1,000 kwa kona nyembamba, iache hadi umeshazoea kukata kona pana. Kreta ya Ngorongoro usishuke na tela. Liache kambini juu.

Safari ya kwanza iwe ya karibu. Duluti kwa wa Arusha, Chala kwa wa Moshi, usiku mmoja, mzigo kamili. Simama baada ya kilomita 30 na uguse habu zote mbili: uvuguvugu ni sawa, isiyogusika ni beringi iliyokazwa mno au breki inayoshika. Kwenye kilomita 50 hadi 100 kaza tena nati za magurudumu kwa spana ya kupima, kama Nm 105 kwa nati za milimita 12, na yu-bolti za springi zote, kwa sababu rangi mpya iliyobanwa chini yake hukandamizika na kuacha ulegevu. Ukirudi nyumbani fungua hema likauke, safisha vumbi kwenye kikombe, na uandike kwenye karatasi ileile ya hatua ya 2 vitu ambavyo hamkuvigusa kabisa. Safari ya pili vibaki.